Msituambie ni Uzee Tu

Hotuba ya muuguzi mstaafu, Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana, marahaba, nimezisikia.

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, mashehe na wachungaji, wauguzi wenzangu, na wajukuu mliowasindikiza bibi na babu zenu, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini na nina mengi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nina miaka 67. Nilianza kazi mwaka 1980 katika wodi ya watoto, nikastaafu nikiwa wodi ya wanawake. Nilipoanza, msimu wa surua ukiingia tulilaza watoto watatu kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule, na wengine chini kwenye mikeka ya mama zao. Asubuhi ukiingia zamu hukuanza na faili. Ulianza kutazama vitanda ambavyo jana vilikuwa na mtu. Leo mwulize binti aliyemaliza chuo cha uuguzi surua inafananaje. Wengi watakwambia wameisoma darasani. Hiyo ni kazi ya chanjo, ya mpango ulioanza mwaka 1975, na ya wauguzi waliobeba vile vibaridi vya chanjo kwa baiskeli na kwa mitumbwi kuvifikisha vijijini. Mimi nilikuwa mmoja wao, na ninalisema kwa fahari.

Naanzia kwa watoto kwa sababu watu wakisikia “umri wa kuishi umeongezeka” hudhani kwamba zamani kila mtu alikufa akiwa na miaka arobaini na kidogo. Sivyo. Bibi yangu mzaa mama, wa Pangani, alipita miaka themanini. Lakini alizaa tisa, akazika watano kabla hawajang'oka meno ya utotoni. Wastani ndivyo unavyopatikana: mmoja kaishi themanini, mwenzake kaishi mwaka mmoja, jumlisha, gawanya kwa mbili, utaambiwa nchi hii watu wanaishi miaka arobaini. Wazee walikuwapo siku zote. Waliokuwa wachache ni watoto waliofika kuwa wazee.

Sensa ya 1988 ilitukuta na wastani wa kama miaka 50. Sensa ya 2002 ikatukuta na 51. Miaka kumi na minne, tumesogea hatua moja! Waliokuwapo wanajua ni kwa nini. Ulikuwa ukimwi. Vijana walikuwa wanakuja kulelewa na mama zao kwa mara ya pili, na mama akimaliza kumzika mwanawe anageuka kulea wajukuu. Katika ukumbi huu wamo mabibi waliofanya hivyo, nawaona. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Sensa ya 2012 ikaleta wastani wa zaidi ya miaka 60. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, ambavyo utafiti wa 2004 na 2005 ulivikuta 112 kwa kila watoto 1,000, utafiti wa 2022 ulivikuta 43.

Kwa hiyo tumekuwa wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania kama milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi. Ya 2022 ikahesabu karibu milioni 3.5. Milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi.

Sasa swali langu la leo. Hiyo miaka tuliyoongezewa, tunaiishi vipi?

Shirika la Afya Duniani hupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni miaka mtu anayotarajiwa kuishi. Ya pili ni miaka anayotarajiwa kuishi akiwa na afya, yaani baada ya kutoa miaka ya maradhi na ulemavu. Kwa Afrika yetu hiyo ya pili ilipanda kutoka miaka 46 mwaka 2000 hadi 56 mwaka 2019. Ni jambo kubwa, tulishukuru. Lakini ukizilinganisha hesabu hizo mbili, kwa dunia nzima, unakuta pengo la kama miaka kumi. Miaka kumi ambayo mtu yu hai, anakula, anapumua, lakini haoni vizuri, hasimami vizuri, au hasikii anaposemeshwa.

Nimewauguza watu walio ndani ya miaka kumi hiyo ya maradhi karibu nusu ya maisha yangu ya kazi. Na nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo haiibiwi na uzee. Inaibiwa na maneno matatu tunayoyasema sisi: “ni uzee tu.”

Niwape mfano wa nyumbani kwangu.

Mama yangu alikuwa msusi wa ukili. Wenyeji wa mwambao mnajua kazi hiyo: unachana miyaa, unaitia rangi, unasuka ukili mrefu, kisha unaushona ukili kwa ukili mpaka upatikane mkeka. Alisuka tangu yu mwali. Alipofika miaka sabini na kitu akaanza kupunguza, kisha akaacha kabisa. Ukimwuliza anasema mkono umechoka. Sisi watoto tukaona ni haki yake. Akaanza kushinda chumbani. Akawa hapendi kutoka jioni, mara kajikwaa kizingitini, mara kamwaga chai pembeni ya kikombe. Tukasema mama kazeeka.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya, kituo sitakitaja. Mhudumu alimtazama dakika moja, tena tangu mlangoni, akaniambia, “Mama kashakula chumvi nyingi, huo ni uzee tu, dada.” Akamwandikia vidonge vya maumivu. Na mimi, muuguzi wa miaka mingi, nilikubali. Nilikubali kwa sababu ndivyo hata mimi nilivyokuwa nikiwaambia mama za wenzangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ikapita miaka mitatu. Wahenga wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mama yangu aliishi kwingi, lakini miaka mitatu hiyo hakuona. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aligunduliwa na daktari wa macho aliyekuja na timu ya upasuaji wilayani, kwa tochi ndogo tu. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu nchini mwetu, na dawa yake si ya kutafuta mbali: jicho linatiwa ganzi, lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia, mara nyingi kwa muda usiofika saa moja. Kesho yake bandeji inafunguliwa.

Alipofunguliwa la pili na kurudi nyumbani aliomba aletewe mkeka wake wa mwisho, ule alioumaliza kabla ya kuacha kazi. Tukautandika barazani kwenye mwanga. Akaukalia, akaupapasa, akainama. Zambarau na kijani vilikuwa vimechanganyika. Mistari ambayo maisha yake yote aliinyoosha ilikuwa imepinda kama njia ya ng'ombe. Hakusema neno. Aliomba mkasi, akaanza kuufumua mshono, ukili mmoja baada ya mwingine, mpaka magharibi. Kesho yake akaagiza miyaa mipya. Alisuka miaka mingine sita.

Miaka mitatu ya giza na miaka sita ya kazi. Mwili ni uleule, umri ulikuwa unazidi kupanda. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu mmoja alikataa kusema ni uzee tu.

Wauguzi na madaktari wasaidizi mlioko hapa, hilo nawaombeni kwa heshima zote. Mzee akija kulalamika anasahau, mtazameni kama ana maambukizi ya mkojo, kama damu imepungua, kama kuna dawa zinagombana tumboni mwake. Akija haelewi mnachosema, angalieni masikio kwanza. Nimewahi kumwosha masikio babu mmoja ambaye familia yake ilishaanza kumwita chizi, na nta iliyotoka ilijaza kijiko. Ni kweli upo ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, huo upo. Watafiti walihesabu wilayani Hai, Kilimanjaro, wakakuta kama watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Maana yake ni kwamba wale wengine zaidi ya 90 hawana. Mzee akibadilika ghafla, ana sababu, na sababu hutafutwa.

Na familia ziusikie ugonjwa huo kwa jina lake. Kule Usukumani mabibi wamekatwa mapanga, wakiitwa wachawi, kwa sababu macho yao ni mekundu na wanazungumza peke yao. Macho yale yameungua kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni. Bibi amewapikia watu ugali maisha yake yote, na moshi wa ugali ule ule ndio unaofanywa ushahidi wa kumwua. Sina maneno mengine juu ya hilo.

Niende kwenye presha. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Presha haiumi. Ndiyo ubaya wake. Mtu anameza dawa kichwa kikimuuma, kikitulia anaifungia kabatini, anasema amepona. Presha haiponi hivyo, inashikwa, na ukiiachia inarudi. Kisha siku moja anaamka mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hausikii, hicho ni kiharusi, na majirani wanasema kapigwa na pepo mbaya. Wanapeleka maji ya kombe kwanza, hospitali anafika siku ya tatu. Mimi sipigani na kombe wala na maombi. Ombeni mkiwa ndani ya gari. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi wa Hai na wa Dar es Salaam, na baada ya kusawazisha umri walikuta kiwango cha Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya kile cha Hai. Mji unakuja kwetu wote, na chumvi yake, na kukaa kwake kwenye kiti kutwa.

Kukaa. Hapa ndipo ninapotaka kukaa na ninyi kidogo, maana ndilo jambo lililonileta.

Naomba tufanye kitu. Wote mlioko kwenye viti, wazee na vijana, kunjeni mikono kifuani hivi. Sasa simameni bila kushika kiti. Taratibu. Kaeni. Simameni tena. Mara tano. Mwenye maumivu asilazimishe, mwenye kizunguzungu abaki kakaa.

Ahsanteni. Nimewaona vijana wawili watatu wakijisukuma kwa mkono, sitawataja.

Hicho si kichekesho. Hicho ni kipimo ambacho hospitali hukitumia kujua nguvu za miguu, na nguvu za miguu ndizo zinazoamua mambo ambayo mzee anayaona makubwa kuliko kipimo chochote cha maabara. Ataweza kuchuchumaa chooni akainuka peke yake? Ataweza kusujudu, au ataswali kwenye kiti? Akiamka usiku kwenda msalani, na choo kiko nje, atafika bila kuanguka? Nimepokea wagonjwa wengi waliovunjika nyonga, na ukiuliza ilikuwaje, wengi watakwambia: usiku, giza, njia ya chooni. Mzee akivunjika nyonga akalazwa wiki nyingi, mara nyingi harudi alivyokuwa. Taa moja ya sola ukutani, fimbo moja ya mti iliyochimbiwa imara kando ya tundu la choo ya kushikia, hayo hayahitaji bajeti ya wizara. Fundi wa mtaani anayamaliza asubuhi moja.

Sasa sikilizeni jinsi tunavyowaondolea wazee miguu yao, tena kwa mapenzi. Mama anataka kufagia uwanja. “Aa mama, pumzika, tutafagia sisi.” Anataka kwenda sokoni. “Kaa, tutakuletea.” Anataka kuchota maji ndoo ndogo. “Watu watatusema!” Tunamkalisha kwenye kiti kizuri chini ya mwembe, chai inamfuata, chakula kinamfuata, mpaka maji ya kunawa yanamfuata. Mwaka wa kwanza anafurahi, kapata watoto wema. Mwaka wa pili anainuka kwa kushikwa. Mwaka wa tatu anabebwa. Na tunasema nini? Ni uzee tu.

Msuli usiotumika unaondoka. Kwa mzee unaondoka haraka kuliko kwa kijana, hata siku kumi za kitandani zinatosha kumpokonya nguvu ambazo atahangaika miezi kuzirudisha. Lakini habari njema ni kwamba zinarudi. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Waliwachukua wazee kumi dhaifu, wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, wiki nane. Mmoja hakumaliza. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili, na wawili wakaacha fimbo zao za kutembelea. Watu wa miaka tisini! Basi mama wa miaka 70 wa Chumbageni anashindwa nini?

Visiwani, Zanzibar, wanamkumbuka Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu. Mwaka aliozaliwa hakuna aliyeujua kwa hakika, lakini alipofariki Aprili 2013 watu walimhesabia miaka mia moja au zaidi. Miaka michache tu kabla ya hapo alikuwa bado anapiga ngoma ya msondo, amesimama, ngoma imefungwa kiunoni. Mwaka 2005 alipewa tuzo kubwa ya kimataifa ya muziki. Mtu wa umri ule, katika nyumba nyingi zetu, angekuwa ameshanyang'anywa ngoma zamani sana kwa kuonewa huruma.

Sisemi mzee alimishwe shamba. Sisemi tumwache bibi wa miaka themanini akabebe kuni kichwani ili apate mazoezi, kwa sababu wapo wazee wengi ambao shida yao si kupumzishwa kupita kiasi, ni kwamba hawajawahi kupumzika siku moja. Hao nao lazima niwasemee mbele ya mgeni rasmi. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 na zaidi anapata pensheni jamii kila mwezi, hata kama maisha yake yote alivua pweza na hakuwahi kuajiriwa. Walianza na shilingi 20,000. Kenya tangu mwaka 2018 wenye miaka 70 na zaidi wamewekewa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Sisi Bara, Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee hatujaipata. Msione 20,000 ni kidogo. Bibi mwenye fedha yake mkononi haombi nauli ya kwenda kliniki. Akimtuma mjukuu dukani, mjukuu anakimbia. Na wapo watakaokumbuka kumsalimia asubuhi ambao walikuwa wameshasahau.

Na lile dirisha la wazee hospitalini. Tunashukuru lipo. Lakini mzee anayepita haraka dirishani, akaandikiwa haraka, kisha akaambiwa dawa ya presha akanunue nje, ameharakishwa kwenda wapi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Nawaomba viongozi, itakapofika kwa mzee asiye na uwezo, ifike pamoja na dawa.

Nimalizie kwa kazi ya leo. Nje, chini ya ile miembe miwili, kuna meza tatu. Ya kwanza wanapima presha na sukari. Ya pili ni ya macho: utasimama hapa, herufi ziko pale, na kuna dada ana tochi, anayehitaji upasuaji ataandikwa jina leo leo. Ya tatu nitakaa mimi mwenyewe na kijana wa mazoezi ya viungo, tutakuonyesheni namna nne za kuimarisha magoti kwa kutumia kiti na chupa ya maji iliyojaa mchanga. Dawa zote mnazomeza, za hospitali na za mitishamba, kama mmekuja nazo kwenye mifuko tutaziangalia pamoja, wala hakuna atakayegombezwa.

Tunaanza na safu ya nyuma, maana wamekaa juani muda mrefu. Wajukuu, kaeni kando ya bibi na babu zenu, mikono iwe tayari. Ila mzee akitaka kuinuka, mwacheni ajaribu mwenyewe kwanza.